Daktari Burkitt na Ramani ya Magonjwa

1. Utoto wake

Mtu akiugua, jamaa zake huuliza: Ana ugonjwa gani, na dawa yake ni nini? Maswali hayo ni mema. Lakini liko swali jingine ambalo ni wachache walikumbukao: Ugonjwa huu hupatikana wapi, na wapi haupatikani? Somo hili ni habari za mtu aliyeliuliza swali hilo karibu maisha yake yote, na kwa ajili yake watu wa nchi nyingi wakaanza kukitazama chakula chao kwa macho mapya. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt. Alikuwa mtu wa Ayalandi, walakini shule yake kubwa ilikuwa Uganda, na waalimu wake walikuwa wagonjwa wa Uganda na wa nchi zilizo jirani.

Denis alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji mdogo wa Enniskillen, upande wa kaskazini wa Ayalandi. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo, na kazi yake ilikuwa kusimamia barabara na madaraja. Tena alikuwa mtu apendaye sana ndege. Aliwanasa ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliokaa bustanini mwake, akawavika pete miguuni ili kila mmoja ajulikane, kisha akawaachilia. Akawatazama siku nyingi, akachora ramani iliyoonyesha mipaka ya makao ya kila ndege. Kwa kazi hiyo alipata heshima kubwa kwa wataalamu wa ndege. Basi mtoto Denis alilelewa katika nyumba ya mtu wa ramani. Tutaona mbele jinsi mwana alivyokwenda katika njia ya baba, ingawa yeye hakuandika makao ya ndege, bali makao ya magonjwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Watoto walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likampiga usoni, likaivunja miwani yake, na kioo kikamdhuru jicho. Madaktari hawakuweza kuliponya jicho lile, ikawa hapana budi kuliondoa. Tangu wakati ule Denis aliona kwa jicho moja tu.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwaka 1929 aliingia Trinity College, chuo kikuu cha mji wa Dublin, akianza kujifunza uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na vijana wa Kikristo waliokuwa wakisali na kusoma pamoja, na imani yake ikatia mizizi. Akaona moyoni ya kuwa ameitwa kuwa daktari, akauacha uhandisi, akashika masomo ya udaktari. Alifuzu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafaulu mtihani mkubwa wa madaktari wapasuaji katika mji wa Edinburgh.

2. Kukataliwa na kukubaliwa

Burkitt alitaka sana kufanya kazi Afrika. Aliomba kwanza kazi ya serikali katika Afrika ya Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakubwa walidhani ya kuwa mtu mwenye jicho moja hafai kushika kisu cha upasuaji. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, mwaka 1941, akaingia jeshini akiwa daktari, akapelekwa Kenya, na Somalia, na kisha Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na baadaye wakapata binti watatu. Alipokuwa Kenya alipata nafasi ya kuizuru Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha akaomba tena, na mara hii akakubaliwa. Mwaka 1946 aliwekwa katika hospitali ya Lira, nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira ndiko alikoanza kutumia akili ya ramani. Aliona wanaume wengi wenye ugonjwa wa mabusha. Daktari mwingine angaliwapasua akawaponya, asiwaze zaidi. Burkitt aliwapasua, lakini aliwauliza kila mmoja atoka kijiji gani. Alipoyapanga majibu akaona jambo la ajabu: wagonjwa walikuwa wengi upande wa mashariki wa wilaya, bali upande wa magharibi walikuwa haba sana. Walikuwa kabila moja. Kwa nini basi ugonjwa uwapate hawa, uwaache wale? Sababu yake ilikuwa minyoo midogo inayochukuliwa na mbu, na minyoo hiyo haikuenea sawasawa katika nchi yote. Mwaka 1951 aliandika habari hizo katika gazeti la madaktari. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimfundisha ya kuwa mipaka ya ugonjwa ni kama nyayo za mwizi: ukizifuata utafika nyumbani kwake.

3. Safari ya maili 10,000

Mwaka 1948 Burkitt alihamishiwa Kampala, katika hospitali kuu ya Mulago, akawa mpasuaji na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Siku moja katika mwaka 1957 daktari mwenziwe, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano hivi. Mataya ya mtoto yule yalikuwa yamevimba pande zote mbili, juu na chini, hata uso umeharibika. Burkitt hakupata kuona ugonjwa wa namna ile. Baada ya majuma machache alikwenda Jinja, na huko akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Akajua ya kuwa hilo si jambo la mtu mmoja.

Akapekua vitabu vya hospitali, akakuta watoto wengi wa namna hiyo. Ilikuwa aina ya saratani, ambayo wengine huiita kansa. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na kila chembe ina kazi yake na mpaka wake. Katika saratani chembe huasi, zikaongezeka pasipo kiasi, zikaingia mahali pasipo pao, hata zikamwua mtu.

Burkitt akauliza swali lake lile lile: Saratani hii iko wapi? Akachapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazipeleka kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akaomba waliopata kuuona ugonjwa huo wamjulishe. Majibu yalipokuja akayatia alama katika ramani, na alama zikafanya mshipi mpana katikati ya bara. Lakini mpaka wa kusini wa mshipi ule haukujulikana vema. Basi mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala katika motokaa kuukuu pamoja na madaktari wenziwe wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, aliyejua pia kutengeneza motokaa, na Cliff Nelson. Walikwenda kwa muda wa majuma 10, wakapita Tanganyika, na Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia, na Msumbiji, hata Afrika Kusini. Walisafiri kama maili 10,000, wakazizuru hospitali zaidi ya 50, na katika kila moja wakauliza swali lile moja.

Waliporudi waliona wazi ya kuwa uvimbe ule hukaa katika nchi zenye joto na mvua ya kutosha, nao hukimbia mahali pa baridi pa milimani na mahali pakavu. Hizo ndizo nchi za malaria. Huko London, Daktari Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akifundisha mwaka 1961, alitafuta katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa eropleni kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenziwe wakaona ndani yake kirusi kipya. Leo madaktari wajua ya kuwa kirusi hicho na malaria husaidiana kuleta ugonjwa ule. Tena Burkitt aliwapa watoto dawa mpya za saratani, na wako waliopona kabisa. Ugonjwa huo huitwa kwa jina lake hata leo.

Mtu mwingine angaliridhika na sifa hiyo. Lakini ile kazi ya pili, iliyowagusa watu wengi zaidi, ilikuwa bado mbele.

4. Mzee wa pumba

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza na jamaa yake, akafanya kazi katika ofisi ndogo London, akiendelea kuchora ramani za saratani. Mwaka 1967 Sir Richard Doll, mtaalamu aliyesaidia kuuonyesha ulimwengu ubaya wa sigara, alimjulisha kwa daktari mmoja mzee wa jeshi la majini, jina lake Peter Cleave.

Cleave alikuwa na neno moja, naye alilisema kwa kila aliyetaka kumsikiliza. Alisema ya kuwa watu wa Ulaya wameharibu chakula chao. Tangu zamani za babu zao walikuwa wakisaga ngano nzima, wakala unga pamoja na pumba zake. Lakini tangu mwaka 1880 hivi vikaja vinu vya magurudumu ya chuma, vilivyoweza kuondoa ganda lote la nafaka na kuacha unga mweupe mtupu. Unga huo ukawa rahisi, hata maskini akaweza kuununua. Sukari nayo ikaongezeka sana. Cleave aliamini ya kuwa magonjwa mengi ya Ulaya yametoka hapo. Katika vita, mwaka 1941, aliwapa mabaharia wa meli ya kivita King George V pumba za ngano kwa kuwa walikuwa hawapati choo vema, na pumba zikawasaidia. Watu wengi walimcheka.

Burkitt hakumcheka, kwa maana maneno ya mzee yule yalimkumbusha mambo aliyoyaona kwa jicho lake. Katika miaka yake mingi ya upasuaji Uganda alikuwa amewapasua watu maelfu. Lakini ugonjwa wa kidole tumbo, uliokuwa kazi ya kila siku ya mpasuaji wa Uingereza, Mulago ulikuwa haba kwa wenyeji. Vijiwe vya nyongo vilikuwa haba. Na saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiua watu wengi sana Uingereza na Marekani, kwa wanakijiji wa Uganda ilikuwa kitu cha kuonwa kwa nadra. Trowell naye alikuwa ameandika kitabu mwaka 1960 juu ya magonjwa yaliyo haba Afrika. Burkitt alikuwa ameyaona hayo yote, lakini hakupata kuuliza kwa nini. Mtu huuona upesi ugonjwa uliopo, bali ugonjwa usiokuwapo hauonekani mpaka mtu akufumbue macho.

5. Barua za kila mwezi

Basi akaishika kazi kwa njia yake ya zamani. Alikuwa akijuana na madaktari wa hospitali nyingi za misheni na za serikali katika Afrika na Asia, na hospitali 150 hivi zikakubali kumletea habari kila mwezi. Wao walimwandikia wamewaona wagonjwa wangapi wa saratani hii na ile. Kazi hii haikutaka mashine kubwa wala fedha nyingi. Ilitaka uaminifu tu: daktari aliyechoka, jioni, katika hospitali ya mbali, kukaa na kujaza karatasi kwa kweli.

Habari zile zilionyesha ya kuwa saratani za njia ya chakula hazikuenea sawasawa. Njia ya chakula ni ndefu. Chakula hupita katika umio, kikaingia tumboni, kisha katika utumbo mwembamba, na mwisho katika utumbo mpana, ambapo mabaki hukaa kabla ya kutoka. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa nyingi Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand, nayo ilikuwa haba katika vijiji vya Afrika na India.

Je, tofauti hiyo ni ya damu na kabila? Burkitt alikataa, na hoja yake ilikuwa ya watu waliohama. Watu weusi wa Marekani ni wajukuu wa watu waliotekwa Afrika, na ugonjwa huo uliwaua kama ulivyowaua Wazungu wa Marekani, kwa kuwa walikula chakula cha Marekani. Wajapani waliohamia visiwa vya Hawaii nao waliupata ugonjwa huo kuliko ndugu zao waliobaki Japani. Damu ilikuwa ile ile, lakini sahani ilikuwa nyingine.

Tena Burkitt hakutosheka na barua. Yeye na Alec Walker wa Johannesburg, na Neil Painter, mpasuaji wa London, walitaka kujua chakula hupita mwilini kwa muda gani. Waliwamezesha watu vidonge vidogo visivyosagika tumboni, vinavyoonekana katika picha ya eksirei, kisha wakangoja mpaka vitoke. Wako watu walioona haya kusikia habari za choo cha watu, lakini Burkitt hakuona haya. Alisema mwili hauna jambo la kudharauliwa. Mwaka 1972 wakatangaza waliyoyaona. Kwa wanakijiji wa Uganda vidonge vilitoka baada ya saa 36 hivi, nao walitoa choo chenye uzito wa gramu 470 kwa siku. Kwa watu wa jeshi la majini la Uingereza vidonge vilikawia zaidi ya saa 80, na uzito ulikuwa gramu 100 na kidogo tu.

Sababu yake ni nini? Wanakijiji walikula nafaka pamoja na pumba, maharagwe, kunde, ndizi, viazi vitamu na mboga za majani. Katika vyakula hivyo mna nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Zamani wataalamu waliihesabu kuwa takataka, kwa maana waliona haina nguvu ya kulisha. Burkitt alionyesha ya kuwa takataka hiyo ina kazi. Nyuzinyuzi hushika maji, hulainisha choo, hukiongeza, na kukisukuma. Vitu vibaya vilivyomo ndani ya mabaki vikichanganywa katika choo kingi huwa hafifu, na vikitoka upesi havipati muda wa kuudhuru utumbo. Lakini kwa mtu alaye unga mweupe, nyama nyingi na sukari, mabaki ni machache na magumu, na hukaa siku nyingi mahali pamoja.

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mmoja wa wataalamu wa Royal Society ya London, heshima ambayo ni wachache waipatao. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu kikubwa juu ya unga mweupe, sukari na magonjwa, na mwaka 1979 akatoa kitabu kidogo cha watu wote juu ya nyuzinyuzi. Kitabu hicho kilisomwa katika nchi nyingi, na mkate wa ngano nzima, uliokuwa ukidharauliwa kuwa chakula cha maskini, ukapata heshima mezani mwa matajiri.

6. Waliompinga, na yaliyothibitika

Si wote waliokubali. Wengine walisema ya kuwa Waafrika wengi hufa mapema kwa magonjwa mengine, na saratani ya utumbo ni ugonjwa wa wazee. Tena katika vijiji wengi hufa pasipo kuonwa na daktari, na kifo kisichoandikwa hakihesabiwi. Hoja hizo zilikuwa na kweli ndani yake. Wengine walisema Burkitt ameitazama sababu moja, akazisahau nyingine. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mtu aliyepata ufunguo mzuri hutaka kufungua milango yote kwa ufunguo ule ule.

Basi kazi iliendelea baada yake, kama ilivyo desturi ya elimu, na neno lake likatiwa katika moto. Mwaka 2000 majaribio mawili ya Marekani yalionyesha ya kuwa watu waliokwisha kuota vinyama utumboni hawakukingwa kwa kuongezewa nyuzinyuzi kwa miaka michache tu. Wapinzani wakafurahi. Lakini mwaka 2003 zikaja habari za watu zaidi ya 500,000 wa nchi 10 za Ulaya: wale waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache kuliko wale waliokula kidogo.

Mwaka 2015 likafanywa jaribio lingine ambalo Burkitt angalilifurahia. Watu weusi 20 wa mji wa Pittsburgh, Marekani, na watu 20 wa vijiji vya Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Katika jamii ya wale wa kwanza, watu wapatao 65 katika kila 100,000 walipata ugonjwa huo, na kwa wale wa pili hawakufika 5. Wamarekani wakala mahindi, maharagwe, mboga na matunda. Wanakijiji wakala soseji, nyama nyingi ya mafuta na chakula chenye nyuzinyuzi chache. Majuma mawili tu yalitosha kubadili hali ya matumbo yao. Utumbo wa Wamarekani ukatulia, uvimbe na joto lake likapungua. Bali utumbo wa wanakijiji ukaanza kuonyesha dalili za hatari. Wataalamu wakaona na sababu ambayo Burkitt hakuijua vema. Utumboni mwetu mnakaa bakteria wengi mno. Wakipata nyuzinyuzi, huzigeuza kuwa kitu kiitwacho butireti, ambacho ndicho chakula cha chembe za utumbo na ulinzi wake.

Tena yako mengine yaliyojulikana. Mwaka 2015 shirika la kimataifa linalochunguza saratani lilitangaza ya kuwa nyama zilizotengenezwa viwandani, kama soseji na nyama za chumvi, huleta saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu ikila mtu kwa wingi yaelekea kuileta. Pombe, tumbaku, unene uliopita kiasi na kukaa kitako siku zote navyo vimo. Kwa hiyo nyuzinyuzi si dawa ya kila kitu, ila ni mlinzi mmoja mwema kati ya walinzi wengi.

7. Si utumbo peke yake

Msomaji asidhani ya kuwa Afrika imeepushwa na saratani zote za njia ya chakula. Zile barua za kila mwezi zilionyesha pia ya kuwa saratani ya umio ni nyingi mahali pengine pa Afrika ya Mashariki na Kusini, kama magharibi ya Kenya karibu na Ziwa Nyanza, na Malawi, hali katika Afrika ya Magharibi ni haba. Mwenye saratani hiyo hushindwa kumeza, kwanza ugali, kisha uji, mwisho hata maji. Hata leo sababu zake zachunguzwa. Tumbaku na pombe kali zimo. Na katika miaka ya karibuni wataalamu waliochunguza Kenya, Tanzania na Malawi wamekitazama kinywaji kiunguzacho. Mwaka 2016 lile shirika la kimataifa lilisema ya kuwa kunywa vitu vya moto kupita digrii 65 yaelekea kuleta saratani ya umio. Kinga yake haina gharama: chai iachwe kidogo ipoe.

Japani, tofauti na hayo, watu wengi waliuawa na saratani ya tumbo. Huko wamepata kula sana samaki na mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi nyingi, na ndani ya matumbo yao mlikuwa na bakteria wachimbao vidonda. Chakula kilipoanza kuhifadhiwa kwa baridi badala ya chumvi, ugonjwa ulipungua. Hivyo kila nchi ina sahani yake, na kila sahani ina hatari yake na kinga yake.

8. Mfereji ulio wazi

Katika miaka yake ya uzee Burkitt alisafiri nchi nyingi akifundisha, naye alikuwa na mfano aliopenda kuwaonyesha watu. Ulikuwa picha ya chumba kilichojaa maji. Beseni lafurika, mfereji u wazi, na watu wawili wamejiinamia wakipangusa sakafu kwa bidii nyingi, wala hapana anyoshaye mkono kuufunga mfereji. Hao wapangusao, alieleza, ni madaktari na hospitali zao. Kazi yao ni njema, lakini haitakwisha kamwe mpaka mfereji ufungwe. Yeye aliyeshika kisu miaka mingi alijua neno hilo kuliko wengine.

Daktari Burkitt alikufa tarehe 23 Machi 1993, katika mji wa Gloucester, Uingereza, mwenye umri wa miaka 82. Tangu alipokufa ulimwengu umegeuka. Mwaka 2022 saratani ya utumbo mpana iliua watu zaidi ya 900,000 duniani. Tena haikubaki Ulaya na Marekani. Kampala, ambako saratani zimeandikwa katika daftari tangu miaka ya 1950, ugonjwa huo aliouona kwa nadra umeongezeka mwaka hata mwaka. Ramani yake yabadilika, nasi ndio tunaoibadilisha. Mtu wa mjini aona haya kula dona, ataka sembe nyeupe. Maharagwe na kisamvu huviita chakula cha shida, na soseji na soda huviita maendeleo. Ilikuwa hivyo Uingereza vinu vya chuma vilipoanza, na waliofurahia mkate mweupe hawakujua wajukuu wao watalipa nini.

Burkitt hakuja Afrika kutufundisha kula. Alikuja kutibu, akajifunza kwetu, akaenda kuwafundisha watu wake mambo ambayo mama zetu waliyafanya kila siku katika kinu na chungu. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa wao watayashika, na sisi tuliokuwa nayo tutayatupa.

Maswali

1. Baba yake Burkitt aliwafanyia nini ndege, na kazi hiyo yafanana vipi na kazi ya mwanawe?
2. Kwa nini Burkitt alikataliwa kazi mara ya kwanza?
3. Eleza jinsi safari ya mwaka 1961 ilivyosaidia kujua uvimbe wa watoto wapatikana wapi.
4. Habari za watu waliohamia Marekani na Hawaii zatuonyesha nini?
5. Nyuzinyuzi zina kazi gani katika utumbo mpana?
6. Wapinzani wa Burkitt walikuwa na hoja gani? Hoja ipi ilikuwa na kweli?
7. Andika vyakula vilivyoliwa nyumbani kwenu juma hili. Ni vipi vyenye nyuzinyuzi nyingi, na ni vipi vilivyoondolewa?